Mazoezi ya Wazee Walionusurika Saratani: Gharama na Faida Zake Zikipimwa kutoka Nyasubi

Tangu mwezi wa Juni mwaka 2025, matabibu wa Kanada na Australia walipotangaza matokeo ya utafiti wao wa muda mrefu juu ya mazoezi kwa watu waliokwisha kutibiwa saratani ya utumbo mpana, maneno yamekuwa mengi na maarifa yamekuwa haba. Wako waliosikia kwamba mazoezi yanaponya saratani, wakadhani kuwa mgonjwa atembeaye kila alfajiri hana tena haja ya hospitali. Wako waliosikia habari hiyo hiyo wakaitupa kando, wakisema kwamba mambo hayo ni ya nchi zenye mali, ambako dawa hazikatiki na mashine za mionzi hazina foleni. Na wako, nao ndio walio wengi, wanaozidi kumwambia mama au baba aliyerejea kutoka hospitali ya Bugando kwamba kazi yake sasa ni moja tu, kukaa kivulini na kupumzika.

Rai hizi tatu haziwezi kuwa kweli zote kwa pamoja, wala hakuna mojawapo iliyo uongo mtupu. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na kwa kuwa kila huduma itakayolipiwa na bima hiyo sharti ishindane na nyingine kwa fedha ile ile, swali la mazoezi limetoka katika mazungumzo ya barazani likaingia katika hesabu za umma: shilingi inayotolewa kwa ajili ya mazoezi ya mzee aliyenusurika saratani hurudisha nini, na humrudishia nani? Tutalitazama swali hili kutoka kata ya Nyasubi, katika Manispaa ya Kahama, mahali ambapo mji na shamba vimekaa mlango kwa mlango, na ambapo hesabu iliyopigwa Ulaya hukutana na mambo isiyoyajua.

Hali ya maradhi na ya matibabu

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2020 nchi yetu ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 wa saratani za kila namna, na vifo zaidi ya 26,000. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo iliyotangulia kwa wingi, kwa wagonjwa zaidi ya 10,000 katika mwaka huo mmoja, ikifuatwa kwa mbali na ya matiti, ya tezi dume na ya umio. Kanda ya Ziwa ina mzigo wake mahsusi juu ya huo wa taifa, nao ni saratani ya kibofu cha mkojo iletwayo na kichocho, maradhi ambayo watu wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza wameyajua tangu utotoni kwa kuoga na kuchota maji katika malambo na mabwawa.

Mkazi wa Nyasubi akishukiwa kuwa na saratani, hospitali ya Kahama itampima na kumpa barua, lakini tiba yenyewe aghalabu iko Mwanza, katika hospitali ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kupitia Shinyanga. Kabla Bugando haijaanza kutoa tiba ya mionzi katika muongo uliopita, safari ilikuwa hadi taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja, na wengi walianza safari hiyo wasiimalize. Kwa hiyo manusura walioko Kahama leo, na hasa walio wazee, ni watu waliokwisha kulipa gharama kubwa kabla hata neno la mazoezi halijatajwa: ng'ombe wameuzwa, kiwanja kimeuzwa, na mtoto mmoja walau ameacha biashara yake kwa miezi ili amuuguze mzazi wodini.

Tiba nayo huacha alama zake mwilini. Mama aliyekatwa titi na kutolewa tezi za kwapani huweza kuvimba mkono akashindwa hata kujifunga kitenge. Aliyepigwa mionzi ya nyonga huweza kupata udhaifu wa mifupa ya kiuno na shida ya kuzuia mkojo. Mzee anayezuiwa homoni kwa ajili ya tezi dume hupoteza nyama za mwili na ugumu wa mifupa. Na dawa za kemo, nyingine huacha ganzi katika nyayo, nyingine hudhoofisha moyo. Juu ya yote hayo huja uchovu usiokwisha kwa usingizi, ambao wauguzaji huuita uvivu, nao si uvivu. Mtu wa miaka 45 huyavumilia mengi ya haya akarudi kazini. Mtu wa miaka 70, ambaye umri ulikuwa umekwisha kumpunguzia akiba ya nguvu, hayo hayo humtenga na choo cha nje, na jirani zake, na ibada.

Namna faida na gharama zinavyopimwa

Wachumi wa afya hupima huduma kwa kuuliza gharama ya kupata mwaka mmoja wa uhai wenye siha kamili. Mwaka unaopitishwa kitandani huhesabiwa kuwa sehemu tu ya mwaka. Kisha hutia kikomo: huduma ikigharimu chini yake, inafaa kununuliwa; ikizidi, fedha hiyo itafutiwe kazi nyingine. Taasisi ya Uingereza inayoishauri serikali katika jambo hili ilitumia kwa miaka mingi kikomo cha pauni 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka mmoja wa namna hiyo. Pato la Mtanzania mmoja kwa mwaka ni kama dola 1,200 za Marekani. Huhitaji elimu kubwa kutambua kwamba programu iliyopata cheti cha kufaa kwa kipimo cha London yamkini isiweze kununuliwa kabisa kwa kipimo cha Kahama.

Liko jambo la pili, ambalo halisemwi mara nyingi. Kipimo hiki kwa tabia yake huelemea upande wa vijana, maana kijana ana miaka mingi ya kuongezewa na mzee anayo michache. Mazoezi, hata hivyo, hayafanani na upasuaji ambao faida yake huhesabiwa kwa miongo. Faida yake kwa mzee huonekana ndani ya wiki chache, katika uwezo wa kuinuka, kutembea na kutoanguka. Anayepima urefu wa uhai peke yake atamwona mzee kuwa biashara ya hasara, na anayepima wepesi wa siku za mzee ataona vingine, ingawa wote wawili watakuwa wametumia takwimu sahihi.

Rai ya kwanza: mazoezi ni dawa, na yalipiwe kama dawa

Walio na rai hii wana hoja yenye nguvu, na ni haki kuieleza kwa ukamilifu. Utafiti ule uliotangazwa mwaka 2025 ulichukua wagonjwa 889 katika vituo 55, ukaanza mwaka 2009 na kuendelea kwa takriban miaka 15. Wote walikuwa wamekwisha kupasuliwa na kupewa kemo. Nusu yao walipewa kijitabu cha mashauri ya afya. Nusu nyingine walipewa mshauri wa mazoezi aliyewafuata kwa miaka mitatu. Baada ya miaka mitano, katika kila watu 100 wa kundi la mazoezi, kama 80 walikuwa hai bila maradhi kurejea, dhidi ya 74 wa kundi la kijitabu. Na baada ya miaka minane, 90 walikuwa hai dhidi ya 83. Ziko dawa za saratani ambazo mataifa huzinunua kwa fedha nyingi sana kwa ajili ya tofauti ndogo kuliko hiyo.

Kwa wazee mahsusi, uko utafiti wa mwaka 2009 ambao kwetu una maana zaidi kuliko ule mkubwa. Manusura 641 wa saratani za utumbo, matiti na tezi dume, wote wa miaka 65 na zaidi, katika Kanada, Uingereza na Marekani, walielekezwa mazoezi na ulaji kwa njia ya simu na barua tu, wasiende popote. Baada ya mwaka mmoja, wote walikuwa wamepungukiwa nguvu kidogo, kama umri unavyotaka, lakini waliofuatwa kwa simu walipungukiwa chini ya nusu ya wale walioachwa. Hapakuwa na ukumbi wala mashine, wala nauli. Palikuwa na mtu anayepiga simu, anayeuliza, na anayejulikana kwamba atauliza tena.

Udhaifu wa rai hii uko mahali pawili. Mosi, ushahidi wake mkubwa umetoka katika saratani ya utumbo na ya matiti, ilhali maradhi yetu ya kwanza ni ya shingo ya kizazi, na wagonjwa wetu walio wengi hufika hospitali maradhi yamekwisha kukomaa. Kumhamishia mama wa Nyasubi aliyepigwa mionzi ya nyonga faida iliyopatikana kwa mzee wa Toronto ni dhana, haijawa ithibati. Pili, hata huko ushahidi ulikozaliwa, mizani haikukaa upande mmoja. Waholanzi wa Utrecht walipoipima programu yao ya wiki 18 chini ya uangalizi wa mtaalamu, waliona kwamba kwa wagonjwa wa utumbo iliokoa fedha, na kwa wagonjwa wa matiti haikuwa na tija inayolingana na gharama. Na wagonjwa wa utumbo waliotumiwa katika hesabu ile walikuwa 33 tu, dhidi ya 204 wa matiti. Programu ni ile ile, nchi ni ile ile, na majibu ni mawili. Asemaye kwamba mazoezi yana tija kwa saratani, pasipo kutaja saratani ipi na mazoezi ya namna gani, bado hajasema neno linaloweza kulipiwa.

Rai ya pili: fedha ni chache, ziende kwingine

Wapinzani husema kwamba katika nchi ambako mgonjwa huweza kukosa morfini ya kutuliza maumivu, kuajiri mwalimu wa mazoezi ni kuanza mwishoni. Shilingi, wanasema, ina kazi bora zaidi katika chanjo ya kinga dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi, iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, au katika uchunguzi wa mapema wa akina mama, au katika dawa ya kichocho shuleni. Hoja hii ina insafu ndani yake. Msichana aliyechanjwa leo yamkini hatahitaji mionzi kesho kutwa, na hakuna programu ya mazoezi itakayoifikia chanjo kwa wingi wa miaka ya uhai inayookolewa kwa gharama ndogo.

Lakini hoja hiyo ina kasoro ya kudhani kwamba fedha zote ziko katika mfuko mmoja. Chanjo hununuliwa kwa sehemu kubwa kwa misaada ya kimataifa isiyoweza kuhamishiwa kwa mzee wa Nyasubi hata waziri akitaka. Mishahara ya wahudumu hutoka hazina. Ushuru wa huduma hutoka kwa wafanyabiashara na migodi. Na tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, kila kampuni ya mgodi hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Kahama yenyewe imeonja namna mifuko hii inavyojaa na kukauka: mgodi wa Buzwagi ulianza kuchimba mwaka 2009, na kufikia mwaka 2021 ulikuwa umekwisha kufunga, na mapato yaliyotegemewa yakaondoka pamoja nao. Geita na Msalala, ambako uchimbaji ungali hai, wangefanya vema kukumbuka hilo wanapoamua fedha za mgodi zijenge nini. Ukumbi wa mazoezi wenye mashine huhitaji fundi, umeme na vipuri kila mwaka. Ujuzi uliofundishwa kwa wahudumu wa zahanati hauondoki mgodi ukifungwa.

Kuhusu morfini, wapinzani wasemapo kwamba itangulie, hapana budi kuwakubalia pasipo masharti. Mzee mwenye maumivu yasiyotulizwa hawezi kufanya mazoezi, na kumlazimisha ni ukatili.

Rai ya tatu: wazee wetu wamefanya kazi maisha yote

Hii ndiyo rai isiyoandikwa katika majarida ya matabibu, nayo ndiyo inayotawala nyumbani. Mzee wa Kisukuma aliyelima pamba na mpunga tangu ujana, au aliyeponda mawe ya dhahabu machimboni, akiambiwa leo afanye mazoezi hushangaa, na watoto wake hushangaa zaidi: wao wanahesabu kumpumzisha kuwa ndiyo heshima ya kwanza wanayodaiwa naye. Binti anayemwachia mama yake ashike ndoo huogopa macho ya majirani kuliko anavyoogopa kudhoofika kwa mama.

Kuna ukweli ndani yake, na kuna kosa. Ukweli ni kwamba mwili uliozoea kazi una akiba ambayo mwili wa mtu wa ofisini haunayo. Kosa ni kudhani kwamba kazi na mazoezi ni kitu kimoja. Tafiti za Ulaya, hasa za Denmark, zimeonyesha kuwa kazi nzito ya kutwa, isiyo na mapumziko wala kiasi, haiupi moyo faida ile ipatikanayo kwa mwendo wa kupimwa. Kulima kwa kuinama saa sita ni mzigo juu ya mgongo, na kutembea kwa nusu saa mpaka pumzi iongezeke ni malezi ya moyo. Na zaidi ya hapo, mzee wa Nyasubi wa leo mara nyingi si mkulima tena. Maji ya Ziwa Victoria yaliyoletwa kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga, mradi uliozinduliwa mwaka 2009, yamemwondolea mama safari ya kisima, na hiyo ni neema kubwa. Bajaji na bodaboda zimemwondolea mwendo wa soko. Na watoto waliomleta mjini baada ya matibabu wamemwondolea jembe. Kazi iliyokuwa ikimtunza imeondoka, pasipo kitu kilichowekwa mahali pake.

Kuna tahadhari moja ambayo rai hii huileta bila kukusudia, nayo ni ya chakula. Wale wazee 641 waliofuatwa kwa simu walikuwa watu wenye uzito uliozidi kiasi. Mashauri waliyopewa yalikusudia kuwapunguza. Mzee wetu aliyetibiwa saratani ya umio, au mama mwenye upungufu wa damu, akipewa mashauri hayo hayo atatumia nguvu asiyokuwa nayo. Mjini Kahama wako wakongwe wanene wenye shinikizo la damu, na wako waliokonda wanaokula mlo mmoja. Programu moja kwa wote wawili itamfaa mmoja na kumdhuru mwingine.

Gharama zisizoandikwa daftarini

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye kiini cha mas'ala yote, na ndipo mjadala unapopita kwa haraka isiyostahili. Tuchukue mfano wa hesabu tu, wenye viwango vya kubuni, ili tuone mantiki yake. Tuseme saa moja ya mtaalamu wa mazoezi tiba ina thamani ya shilingi 20,000, na programu ni ya wiki 12, mara mbili kwa wiki, yaani saa 24. Akimhudumia mzee mmoja peke yake, gharama ni shilingi 480,000, na mazungumzo yanakwisha hapo, maana hakuna halmashauri itakayolipa. Akiwakusanya wazee kumi hospitalini, gharama kwa kila mmoja hushuka hadi 48,000. Lakini kila mzee huja kwa bodaboda, na nauli ya kwenda na kurudi ikiwa shilingi 2,000, safari 24 ni shilingi 48,000 nyingine, zinazotoka katika mkoba wa familia. Jumla ni 96,000.

Tuweke kando ya hiyo programu ya nyumbani: mtaalamu anamwona mzee mara tatu tu, mwanzoni, katikati na mwishoni, kwa shilingi 60,000, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anampitia kila wiki kwa posho ya shilingi 1,500, jumla 18,000, na nauli ya mzee ni 6,000. Jumla ni 84,000. Kwa jumla, nyumbani ni rahisi zaidi. Lakini mhasibu wa hospitali haoni jumla. Yeye huona kwamba kikundi kinamgharimu 48,000 na nyumbani kunamgharimu 78,000, na kwa uaminifu wote wa kazi yake atachagua kikundi. Akiongezwa binti anayemsindikiza mzee, ambaye kwa kila safari hupoteza shilingi 3,000 za faida ya genge lake, kikundi hufika 168,000 na nyumbani 93,000, na bado katika daftari la hospitali hakuna kilichobadilika.

Upande wa faida hali ni ile ile kwa kinyume. Ulaya, mazoezi huonekana kuokoa fedha kwa sababu mgonjwa mwenye nguvu hulala wodini siku chache, na siku hizo zina bei inayojulikana. Kahama, mzee aliyedhoofika halali wodini. Hulala nyumbani, na anayemwinua, anayempeleka chooni na anayemfulia ni binti, mkwe au mjukuu aliyeachishwa masomo. Mazoezi yakimwezesha kuinuka peke yake, akiba iliyopatikana ni saa za mtu huyo, genge lililofunguliwa tena, mwanafunzi aliyerudi darasani. Akiba hii ni kubwa na ni halisi, lakini haimo katika bajeti ya wizara yoyote, na kwa hiyo utafiti unaopima kwa jicho la hospitali peke yake utasema kwamba mazoezi hayakuokoa kitu. Nadhani ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuchelewa kwetu katika huduma za utengamao kwa jumla: anayelipa siye anayefaidi, na anayefaidi hana kiti katika kikao cha bajeti.

Haki inatutaka tuitazame na upande wa pili wa hoja hii. Msamaha wa malipo kwa wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi, uliowekwa katika Sera ya Afya ya mwaka 2007, haufiki kwenye nauli. Na mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaokusudia kuwafunza wahudumu 137,294 katika miaka mitano, tayari umewatwika malaria, uzazi, lishe na kifua kikuu. Programu ya nyumbani inayoonekana rahisi kwa sababu mhudumu hakulipwa haijapunguza gharama yoyote. Imeihamisha tu kutoka kwa binti wa mzee hadi kwa binti wa mtu mwingine. Posho yake sharti iandikwe tangu siku ya kwanza.

Mizani

Zikiwekwa rai zote tatu pamoja, haielekei kwamba Kahama ina sababu ya kujenga ukumbi, wala ya kungojea. Linaloelekea ni jambo la katikati lenye mipaka iliyo wazi. Walengwa wa kwanza wawe wazee waliomaliza tiba na ambao udhaifu wao unaonekana kwa kipimo, maana hao ndio ambao faida ndogo ya nguvu hugeuka kuwa faida kubwa ya uhuru. Mzee anayetembea mwenyewe hadi sokoni hahitaji shilingi ya umma, anahitaji kutiwa moyo tu. Hospitali iliyomtibu iandike katika barua ya kumrejesha nyumbani anachoweza na anachokatazwa: mwenye saratani iliyofika mifupani asinyanyue vizito wala kujipinda, aliyepewa dawa zinazodhoofisha moyo apimwe kwanza, mwenye upungufu wa damu atibiwe kwanza. Hata katika utafiti wa Kanada na Australia, maumivu ya misuli na viungo yaliwapata watu 18 katika 100 wa kundi la mazoezi, dhidi ya 11 au 12 wa kundi lingine. Madhara hayo ni madogo, lakini yako.

Mazoezi yenyewe hayahitaji kununuliwa. Mama aliyekatwa titi husimama akiuelekea ukuta, akapandisha vidole vya mkono ule polepole, na kutia alama ya chaki pale vilipofikia, ili kesho apite alama hiyo kwa upana wa kidole kimoja. Mzee mwenye mapaja dhaifu hukaa juu ya kiti kilichoegemezwa ukutani, akakunja mikono kifuani, akainuka na kukaa mara tano, kisha nane, kisha kumi. Mwendo hufanywa asubuhi kabla jua la Shinyanga halijakaza, kwa kasi inayomruhusu mtu kusema lakini si kuimba, mara tatu kwa wiki kuanzia dakika kumi. Msimu wa kilimo ukiingia, kuanzia Novemba, wale ambao bado wanalima watarudi mashambani na programu itapungua. Anayeipanga sharti alitazamie hilo, asije akaliita uzembe. Na pale palipo na wazee wa kutosha mtaa mmoja, kikundi cha ngoma kina sifa ambayo kiti hakina: Wasukuma waliolima kwa kucheza bugobogobo, majembe mikononi, hawahitaji kufundishwa kwamba mwili husogea kwa furaha zaidi ukiwa na wenzake.

Ama kuhusu bima, kitita cha mafao kiitaje huduma ya utengamao baada ya saratani kwa jina, na kimlipe mtaalamu kwa kumwona mzee mara tatu na kumsimamia mhudumu, kuliko kumlipa kwa idadi ya saa alizokaa naye ukumbini. Fedha zianze na kidogo, na morfini isiguswe.

Hata hivyo yote haya yamejengwa juu ya ushahidi wa kuazima, na hapana haja ya kuendelea kuazima. Kipimo kimoja kinachotumiwa duniani kote huhitaji kiti, kamba ya mita tatu na saa ya simu: mzee huinuka, hutembea hadi mwisho wa kamba, hugeuka, hurudi na kukaa, na sekunde zake huandikwa, akivuka sekunde 12, yumo katika hatari ya kuanguka. Zahanati za kata zikiwapima hivyo manusura wao siku ya kwanza na baada ya wiki 12, na kuandika kando ya sekunde hizo jambo moja ambalo hakuna fomu inayoliuliza sasa, yaani saa ngapi kwa siku mtu wa nyumbani hutumia kumsaidia mzee huyo, basi ndani ya kiangazi kimoja Manispaa ya Kahama ingekuwa na takwimu zake yenyewe, na mhasibu wa hospitali angekuwa na safu mpya katika daftari lake.